Jina la Kwenye Boksi: Historia Fupi ya Sikio la Chuga

Kwenye barabara ya Moshi, ukitoka Arusha mjini kuelekea Tengeru, kuna kituo ambacho makondakta wanakiita Philips. Abiria wanashuka na kupanda hapo kila siku, na wengi wao, hasa waliozaliwa miaka ya tisini na kuendelea, hawana haja ya kujiuliza jina hilo la Kiholanzi lilifikaje chini ya Mlima Meru. Lilifika na redio. Katika zama za viwanda vya Ujamaa, Philips walikuwa wakiunganisha redio hapa Arusha, wakati Matsushita ya Japani ikitengeneza redio na betri za National kule Dar es Salaam. Redio zile hazitoki tena, lakini jina limekaa mdomoni mwa konda kama vile ni jina la mzee fulani wa Kimeru.

Nakitaja kituo hiki kwa sababu ya ubishi mmoja ambao kila mpenda muziki wa Chuga ameshaukuta, kama si kijiweni basi kwenye kibanda cha vifaa vya simu. Inatoka hedifoni mpya. Kwenye boksi kuna sura ya msanii au mchezaji mpira. Kuna watakaoinunua siku hiyohiyo. Halafu kuna wale wengine, wanaojua muziki wao, ambao wataigeuzageuza mkononi, waguna kidogo, kisha waulize: ndani kuna nini? Wauzaji wanawaita wabishi. Wengine wanasema ni wivu tu, au ni ukata uliojifunika shuka la busara.

Mimi naona kuna kitu kingine pale. Ule mguno una historia, na historia yake ni ndefu kuliko umri wa hao wanaoguna.

Tuanze mbali kidogo. Kutumia jina la mtu maarufu kuuza chombo cha kusikilizia si jambo lililoanza na Wamarekani wa juzi. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimchukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Kampuni za santuri zilielewa biashara yao vizuri: mtu hanunui gramafoni ili aitazame, anainunua kwa sababu kuna sauti anayoitaka ndani ya nyumba yake. Sauti ya Siti iliuza santuri, na santuri ziliuza gramafoni. Lakini hapo jina na bidhaa vilikuwa kitu kimoja. Ukilipia Siti, unampata Siti.

Hedifoni nayo ilipata nyota wake mapema. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alitoa hedifoni za stirio kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani. Mwaka 1966, Beatles wakiwa kileleni, kampuni yake ikauza hedifoni zilizobandikwa picha zao, zikaitwa Beatlephones. Beatles walikuwa waimbaji, hawakuwa mafundi wa spika. Hapo ndipo jina lilipoanza kusafiri bila kazi ya mwenye jina, na mchezo wenyewe haujabadilika sana tangu siku ile.

Sisi huku tulikuwa kwenye hadithi nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, redio Tanzania haikuwa pambo la sebuleni. Ilikuwa darasa na baraza la kijiji kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili vyoo, maji na mbu. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo. Ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo sikio lilibeba kila kitu: habari, mpira, taarifa za vifo, hotuba za Mwalimu, muziki wa dansi wa usiku. Redio ikikoroma, familia nzima imekatwa na dunia.

Katika mazingira hayo jina kama Philips lilikuwa na maana unayoweza kuigusa. Zilikokuwa zikiunganishwa palikuwa palepale barabarani. Muhimu zaidi, redio yenyewe ilifunguka. Skrubu nne, kifuniko kinatoka, fundi anakuonyesha spika iliyochanika au waya uliokatika, anaulehemu, unalipa, unaondoka na muziki wako. Fundi redio wa Ngarenaro au Kaloleni ndiye aliyekuwa mhakiki wa kwanza wa vifaa vya sauti katika mji huu. Hakuandika popote. Alijua redio ipi inarudi kwake kila baada ya miezi miwili na ipi haijawahi kurudi, na watu walimwendea kabla ya kununua. Sifa ya chombo ilipimwa kwa muda kiliokaa bila kuonekana mezani kwake.

Kisha ukaja uhaba. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, halafu ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979. Arusha, mji ulio safari ya saa mbili hivi kutoka Namanga, uliuhisi mpaka ule kuliko miji mingine. Kumbuka kwamba santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi. Wanamuziki wenyewe walishaisoma ramani hiyo mapema: ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, watoto wa Tanga waliokuwa na bendi ya Arusha Jazz hapahapa mjini, walivuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya sabini na huko wakawa Simba Wanyika. Bendi iliyobeba jina la mji wetu ilibidi ibadili jina na nchi ili isikike vizuri kwenye santuri.

Waliobaki walijifunza kusikiliza kwa shida. Betri zilianikwa juani zirudishe nguvu kidogo. Kaseti, ambayo Philips hao hao waliitambulisha ulimwenguni mwaka 1963, ilirekodiwa kutoka redioni, ikafutwa, ikarekodiwa tena mpaka utepe ukawa mwembamba na sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Vitu vya nje viliingia kwa magendo, navyo havikuwa na risiti wala wa kumlalamikia. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, kitu chenye jina kubwa la kigeni kiligeuka ushahidi. Kilichokuwa fahari jana kilifichwa leo. Hilo nalo ni somo kuhusu majina.

Novemba 1983 makubaliano ya kumaliza ugomvi wa mali za Jumuiya yalifikiwa hapa Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezitoa wapi. Mlango ukawa wazi. Miaka michache baadaye mjini kulikuwa na redio kaseti za milango miwili, vidude vya kutembea navyo vya mfano wa Walkman ya Sony ya 1979, na hedifoni zenye sponji la rangi ya machungwa. Pesa za tanzanite kutoka Mererani zilipoanza kuzunguka, ukubwa wa spika ukawa kipimo cha ukubwa wa mtu.

Na hapo ndipo jina lilipoachana na kitu. Tulikutana na majina yaliyokosewa herufi moja, yenye maandishi yaleyale, rangi zilezile, na ndani plastiki tupu. Mtu aliyekulia kwenye uhaba, aliyesubiri miaka kumi kupata Sony, alifika nyumbani na kugundua ile "n" ni mbili. Mafundi walifungua maboksi hayo na kukuta spika ndogo kama kifuniko cha soda ndani ya ganda kubwa kama ndoo. Lugha ikajibu haraka: feki, mchina, orijino, "orijino kabisa", na hatimaye "orijino ya ukweli". Ukiona neno linahitaji kuongezewa nguvu namna hiyo, ujue imani imeshaondoka.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Wapo waliolala na simu inayofanya kazi wakaamka na kipande cha plastiki. Simu bandia angalau ina namba inayoweza kukaguliwa. Hedifoni bandia haina wa kuizima. Inaendelea kuimba vibaya masikioni mwa mwenyewe, naye anadhani wimbo ndio mbaya.

Katika mji wenye kumbukumbu hizo ndipo zilipotua Beats. Dr. Dre na Jimmy Iovine walianzisha kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2008 wakatoa hedifoni ya kwanza, Studio, wakishirikiana na Monster, kampuni ya nyaya. LeBron James aliwagawia wenzake wa timu ya taifa ya Marekani walipokuwa wakienda Olimpiki ya Beijing mwaka huohuo. Kwenye Kombe la Dunia la 2014 FIFA iliwazuia wachezaji kuzivaa viwanjani kwa sababu Sony ndiye aliyekuwa mdhamini, na katazo lenyewe likawa tangazo. Mwaka huo Apple iliinunua Beats kwa dola bilioni tatu.

Arusha ni mji wa hiphop. X Plastaz wametoka hapa, Nako 2 Nako wametoka hapa, Joh Makini na Weusi wametoka hapa. Jina la Dre mitaa ya huku lilikuwa na uzito wake halali, maana watu walimjua kwa kazi ya mezani: ni mtayarishaji, mtu aliyetumia maisha yake kuamua ngoma ikae wapi na sauti ikae wapi. Haki ni haki. Kati ya mastaa wote waliowahi kuweka jina kwenye hedifoni, yeye ni miongoni mwa wachache ambao kazi yao inahusiana na sikio. Mchezaji wa kikapu anajua kuruka. Kuhusu sauti, neno lake lina uzito sawa na la kwangu na lako.

Hata hivyo wakosoaji wa sauti huko nje walilalamika tangu mwanzo: besi imejaa mno, sauti ya mwimbaji imezama, bei haiendani na kilichomo. Wazee wangesema debe tupu haliachi kuvuma. Na huku kwetu kulikuwa na tatizo la ziada: ile "b" nyekundu iliyoonekana kila kona, nyingi ilikuwa feki. Watu waliamua Dre ni tapeli kwa kusikiliza hedifoni ambayo Dre hajawahi kuiona.

Kabla hujacheka, sikia hili. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa kampuni ya Bolt ya Marekani alifungua hedifoni ya Beats Solo ili kujua gharama ya vilivyomo. Alikadiria kama dola 17, kwa kitu kinachouzwa dola 199. Akakuta pia vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yake, kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza uzito ili mnunuzi aone ameshika kitu cha maana. Habari ilizunguka dunia. Kisha ikabainika kwamba hedifoni aliyoifungua ilikuwa bandia. Akatafuta halisi, akaifungua nayo, akakuta chuma kimo humo vilevile, na gharama imepanda kidogo tu, kama dola 20.

Hadithi hii naipenda kwa sababu inamgusa kila mtu. Inamgusa muuzaji wa jina, kwa sababu halisi na bandia zilitofautiana dola tatu hivi kwenye vipuri. Lakini inatugusa na sisi wenye mashaka. Pale dukani kipimo chetu cha kwanza ni kupima uzito kwa kiganja: nyepesi ni feki, nzito ni orijino. Waliokiweka kile chuma wanakijua kiganja chetu. Mashaka yasiyo na kipimo kizuri yanauzwa kama kitu kingine chochote.

Na tuseme ukweli wote. Wapenda sauti nao wana watakatifu wao. Mtu anayekucheka kwa kununua hedifoni ya staa anaweza kukuhubiria nusu saa kuhusu Sennheiser ambayo ameisoma zaidi ya alivyoisikiliza. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu spika kwa njia mbili: kwanza pazia likiwa limeshushwa, kisha wakiziona. Walipoziona, maksi zilibadilika. Spika kubwa na ghali zilipanda, ndogo na rahisi zikashuka, ilhali sauti ni ileile. Wasikilizaji wazoefu nao hawakusalimika. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 akilinganisha mwitikio wa sauti na bei ya dukani. Hakuona uhusiano. Bei haikutabiri lolote.

Kwa hiyo sura ya staa ni hila moja tu kati ya nyingi. Bei kubwa ni hila. Uzito ni hila. Neno "mpya" ni hila kuu kuliko zote, na Kiswahili kilishalisema kabla ya waya kuvumbuliwa: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata jina kongwe linaweza kuwa hila. Mwaka 2014 Philips waliuza biashara yao ya vifaa vya sauti kwa Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, na leo hedifoni zenye jina Philips zinatengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kulitumia jina. Inawezekana ni nzuri sana. Lakini mzee anayeinunua kwa sababu ya redio yake ya 1975 ananunua kumbukumbu.

Kuna hedifoni za Arusha ambazo hakuna aliyewahi kuuliza jina lake. Kuanzia katikati ya miaka ya tisini hadi mwisho wa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mjini, kwenye jengo la AICC. Majaji, mawakili, mashahidi na hata watazamaji nyuma ya kioo walivaa hedifoni, maana maneno yalipita kati ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza kupitia kwa wakalimani. Katika moja ya kesi zile walioshtakiwa walikuwa watu wa vyombo vya habari, wakiwemo waliohusika na redio ya RTLM. Hukumu ilitolewa Desemba 2003. Fikiria: mji uliounganisha redio ukawa mji ulioihukumu redio, na yote hayo yalipita kwenye hedifoni za ofisini zisizo na sura ya mtu. Kipimo kilikuwa kimoja. Je, neno limefika kama lilivyosemwa?

Sioni kwa nini kipimo hicho kisitufae na sisi kwenye muziki. Kuna pesa, maana kwa kijana wa bodaboda hedifoni ya maana inaweza kula mapato ya siku nyingi. Kuna afya pia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vijana bilioni 1.1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti kubwa, zikiwemo za vifaa vya masikioni. Hedifoni isiyoziba kelele ndani ya daladala inakulazimisha kupandisha sauti, na zile chembe ndogo za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena. Kuna na heshima ya kazi. Mtayarishaji wa hapa anakesha studio akiweka sauti ya msanii mahali pake, halafu besi ya kubandika inaifunika yote.

Shida ni kwamba silaha yetu ya zamani imechukuliwa. Visikizi vipya visivyo na waya vimegundishwa kwa gundi. Havina skrubu. Betri ikichoka, fundi hana pa kuingilia, na boksi limejaa maneno mazuri kuhusu siku ya kwanza lakini halisemi chochote kuhusu mwezi wa kumi na nne. Yule mhakiki wetu wa Ngarenaro amefungiwa nje.

Tulichobakiwa nacho ni sikio na subira. Nenda dukani na wimbo wako, unaoujua tangu shule, siyo wimbo wa muuzaji ulioteuliwa kwa ajili ya besi. Usikilize kwa sauti ya chini, maana kila kitu kikipigwa juu kinafurahisha. Tafuta sauti ya mwimbaji: inasimama mbele yako au imejificha nyuma ya ngoma? Linganisha na nyingine bila kutazama, mwambie rafiki akuvalishe ukiwa umefumba macho, acha wenye duka wacheke. Na kama kitu kimetoka wiki iliyopita, waache wenye haraka wakitangulie. Mwakani utawauliza.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote vinatembezwa, chema na kibaya, na sura ileile ya staa inaweza kukaa juu ya vyote viwili. Kwa hiyo yule anayeguna pale kibandani, akageuza boksi na kuuliza ndani kuna nini, asichukuliwe kuwa anaharibu biashara ya mtu. Anauliza swali ambalo fundi redio alikuwa akilijibu kwa bisibisi, na ambalo sasa kila mtu itabidi ajifunze kulijibu kwa sikio lake mwenyewe.